Paonekane, Pasisikike: Mahali pa Kumvisha Mtu Pete Jijini Tanga

Kwa muda wa wiki saba, tangu katikati ya Novemba hadi siku za mwanzo za Januari, nilizunguka jiji la Tanga pamoja na mdogo wangu wa kiume tukitafuta mahali patulivu ambapo angeweza kumwomba binti anayempenda awe mkewe, bila ya binti mwenyewe kujua mapema. Tulikwenda bustanini, ufukweni, kwenye magofu, mapangoni na katika hoteli. Kuna mahali tulipokwenda mara moja tukatosheka, na kuna mahali tuliporudi mara nne kwa saa tofauti. Ninaandika tathmini hii kwa sababu tulipoanza hatukupata wa kutuelekeza. Kila tuliyemuuliza alitutajia mahali pazuri pa kupigia picha, na picha haikuwa haja yetu.

Kwetu pwani ndoa huanzia kwa wazee. Barua ya posa huandikwa, hufungwa katika leso pamoja na kishika uchumba, na mshenga huipeleka nyumbani kwa binti. Mahari, mkaja wa mama na kilemba cha baba huzungumzwa baadaye, na mara nyingi wenye kuoana hawapo kwenye mkeka huo. Pete ya kupigiwa goti ni jambo la juzi. Vijana wameipenda, nami sioni ubaya wake maadamu inaitangulia barua wala haichukui nafasi yake: aulizwe binti kwanza, kisha iulizwe nyumba yao. Mama yetu alikubali kwa sharti moja, na sharti hilo ndilo lililotuongoza kuliko kitu kingine chochote. Alimwambia mwanawe, "Usimfiche mtoto wa watu." Alikuwa na maana kwamba binti akipelekwa kichakani au katika chumba kilichofungwa, hata kama hapakutokea lolote, maneno yatamfuata yeye wala hayatamfuata mwanamume, na sisi tuliolelewa katika Uislamu tunajua kwamba wawili wasiooana hawajitengi peke yao. Tukaelewana basi kwamba tunatafuta mahali ambapo mpita njia atawaona bila ya kuwasikia.

Mimi nilikuwa na kipimo changu cha pili, na hicho sikukipata kwa mama. Miaka minane iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 24, nilivishwa pete katika mkahawa mmoja ambao sitautaja. Tulikuwa tunakula samaki wa kupaka. Muziki ukazimwa ghafla, wahudumu watano wakatoka jikoni wakipiga makofi, mmoja wao amebeba keki yenye jina langu kwa maandishi mekundu, na jina lenyewe lilikuwa limekosewa herufi moja. Meza zote ziligeuka. Taa ya simu ilinimulika usoni kiasi kwamba sikumwona aliyepiga goti mbele yangu; niliuona mkono wake tu, na pete ambayo ilikuwa kubwa, ikazunguka kidoleni hadi kito kikatazama chini. Nikasema ndiyo. Nilisema hivyo kwa sababu watu walikuwa wamekwisha kuinua mikono wakingojea kushangilia, na sikuwa na ujasiri wa kuwaacha na mikono yao hewani. Ilipofika mwezi wa nne nilimwambia ukweli kwamba sikuwa tayari, na fedheha ilikuwa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa usiku ule, kwani picha zilikuwa zimewafikia jamaa zake wote. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo namtakia heri. Lakini mahali alipopachagua paliniziba mdomo nisiweze kusema neno dogo la "ngoja".

Kwa hiyo kila tulipofika mahali, kabla sijatazama bahari wala miti, nilimuuliza mdogo wangu: akikuambia umpe muda, hapa mtaondokaje?

Swali hilo ndilo lililoiangusha mashua, ambayo ilikuwa fikira yake ya kwanza na iliyomkaa sana moyoni. Tulielewana na nahodha mmoja wa Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia samaki, akatuzungusha ghubani asubuhi moja ambapo upepo wa kaskazi ulikuwa haujaamka. Nakiri kwamba sijapata kuuona mji wetu ukipendeza namna ile. Ukiwa majini unaona jinsi Tanga ilivyokaa juu ya mwinuko, majengo ya zamani ya Bombo yakiwa kwenye ukingo, minazi na miembe ikiteremka hadi kwenye mawe, na meli zikisubiri zamu yao kimya kimya. Mdogo wangu akageuka, macho yamemng'aa, akasema hapa ndipo. Nikamwonyesha nahodha aliyekaa hatua mbili nyuma yetu, ameshika usukani, anasikia kila neno. Kisha nikamwomba afikirie dakika arobaini za kurudi ufukweni akiwa na binti ambaye ameomba muda wa kutafakari, wamekaa ubao mmoja, hakuna pa kushuka wala pa kutazama. Alinyamaza hadi tulipofika nchi kavu. Anayetaka mashua aiweke siku ya kusherehekea, baada ya jibu, naye ahakikishe kuna jaketi za kuokolea maisha zenye kutosha watu wote, kwa maana katika safari yetu zilikuwa mbili na sisi tulikuwa wanne.

Katika safari hiyohiyo tulipita kando ya kisiwa cha Toten kilichoko mbele ya bandari. Kisiwa hicho kilikaliwa na watu kabla ya mji kuhamia ng'ambo, na kuna mabaki ya misikiti na makaburi ya kale yaliyomezwa na miti na mikoko. Jina lenyewe limetokana na neno la Kijerumani la wafu. Utulivu upo, tena mwingi, lakini ni wa watu wengine, na sikuona sababu ya kuwasumbua.

Kwa sababu hiyohiyo nilipata tabu kuhusu Tongoni, ingawa napapenda. Magofu ya Tongoni yako upande wa kusini, katika barabara ya Pangani, chini kidogo ya kilomita 20 kutoka mjini. Kuna mabaki ya msikiti mkubwa na makaburi yapatayo 40, mengine yakiwa na nguzo za mawe ya matumbawe ambazo nyingi zimeanguka. Vasco da Gama alipita katika pwani hii mwaka 1498, na aliporudi kutoka India mwaka 1499 aliichoma moto mojawapo ya meli zake karibu na hapa kwa kuwa hakuwa tena na mabaharia wa kutosha kuiendesha. Wakati huo watu walikuwa wanaishi hapa, wanaswali hapa, na wanakula katika vyombo vilivyotoka mbali. Baadhi ya bakuli hizo za kigeni zilipachikwa katika nguzo za makaburi kama pambo; zenyewe zimeng'olewa zamani, lakini vishimo vya mviringo vimebaki. Nilitia kiganja changu katika kimoja nikakuta ndani yake pamelainika kama sehemu ya ndani ya kombe, pamoja na jua lote lililopiga na mvua yote iliyonyesha juu yake. Nyuma ya magofu, kupitia mikoko, unaiona bahari. Ni mahali pa kumpeleka mtu mnayezungumza naye mambo ya maana. Hata hivyo ni makaburini, na watu wanakuja kuomba dua kwenye makaburi hayo mpaka leo. Siku tuliyokwenda tulimkuta mama mmoja amekaa peke yake karibu na ukuta wa msikiti, kanga ameivuta hadi machoni, midomo inacheza. Tukarudi nyuma polepole. Asiyekubaliana nami na aende, ila apige hesabu ya uwezekano wa kumkuta mama yule.

Mapango ya Amboni yako karibu zaidi, yapata kilomita 8 kaskazini ya jiji, kwa njia ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa, maarufu mno, na kila mtoto aliyesoma Tanga amewahi kupelekwa huko akasimuliwa habari za Osale Otango, aliyejificha humo akisakwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950. Ni moja tu kati yake ambalo hutembelewa na wageni, nalo huingii bila ya mwongozaji. Mwongozaji wetu alikuwa hodari na mwenye adabu, akatuonyesha maumbo ya mawe moja baada ya jingine, na mahali ambapo watu huacha sadaka zao kwa mizimu. Ni matembezi mazuri, lakini hayafai kwa posa. Ndani ni giza, popo wanapita juu ya kichwa, kuna mahali pa kuinama na mahali pa kutambaa, na binti aliyevaa nguo nadhifu atatoka na vumbi magotini. Zaidi ya hayo, gizani mtu humshika mkono aliye karibu naye kwa hofu, na mwanamume mwenye hamu ya kupendwa anaweza kuifasiri hofu hiyo kuwa ni ridhaa. Nje ya mapango, kwenye miti iliyo juu ya Mto Mkulumuzi, pana hewa nzuri na kimya cha kweli; huko ningempeleka mtu anayependa misitu, katikati ya juma, siku ambayo hakuna mabasi ya wanafunzi.

Makumbusho ya Urithi katika Boma la zamani la Wajerumani nayataja kwa ufupi. Ni mahali pa heshima, picha za Tanga ya kale zimepangwa vizuri, na mchana wa juma la kazi unaweza kuwa peke yako humo. Lakini ni ndani ya jengo, sauti inarudi, na asiye na habari anaweza kuingia wakati wowote.

Raskazone ndiko tulikotumia muda mwingi zaidi, na ndiko nilikoamini tangu mwanzo kwamba tutamalizia. Ni rasi iliyoko mashariki ya mji, yenye nyumba kubwa za zamani, miti mirefu na barabara ambayo baiskeli ni nyingi kuliko magari. Wapenda historia watakumbuka kwamba ndiko majeshi ya Uingereza yaliposhuka Novemba 1914, yakapigwa na kurudishwa melini. Siku hizi ni mtaa wa watu wanaotembea jioni kunyoosha miguu. Hoteli ya Mkonge ina bustani pana inayofika hadi ukingo wa bahari, na jina lake linakumbusha zao lililoujenga mkoa huu. Tulikaa pale alasiri mbili, tukaagiza chai na maji, na hakuna aliyetuharakisha. Meza zina nafasi kati yake, mhudumu anakuona lakini hakusikii, na ukitaka kuondoka unatembea kwa miguu yako hadi barabarani. Kwa vipimo vyangu vyote viwili panafaulu. Kasoro yake ni ya kawaida kwa mahali pa namna hii: mwisho wa juma huwa na harusi, mikutano na muziki, kwa hiyo mtu apige simu kwanza aulize kama kuna shughuli, na achague Jumatatu au Jumanne.

Hoteli nyingine ya ufukweni, ambayo sitaitaja, ilitufundisha jambo ambalo sitaki limpate mwingine. Tulieleza kwa uwazi kwamba tunataka meza moja pembeni, chakula cha watu wawili, na tuachwe. Meneja akatabasamu, akachukua malipo ya awali, na siku tuliporudi kukagua tukakuta wametuandalia orodha: maputo mekundu, petali za plastiki zilizopangwa kwa umbo la moyo, bango lenye majina, spika, na mpiga picha atakayejificha nyuma ya mnazi. Tuliposema hatuvitaki, tukaambiwa huo ndio utaratibu wa pete na hauvunjwi, na fedha hazirudi. Mdogo wangu alikuwa tayari kukubali ili asipoteze pesa yake. Ni fundi umeme, na fedha ile ilikuwa kazi ya siku tatu. Nilimwambia aiache. Ninawaomba wenye hoteli za Tanga, kwa moyo safi, wajue kwamba wapo wateja wanaolipia ukimya, na kwamba kumwachia mtu meza yake bila ya kuongeza kitu ni huduma kamili inayostahili bei.

Anayetaka ufukwe wa Raskazone wenyewe, pasipo hoteli, lazima azijue bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo, maana hapo ndipo wageni wanapokosea. Bahari ya Tanga hupwa mbali. Mahali palipokuwa maji ya kijani wakati wa kujaa panaweza kuwa tope, majani ya bahari na miamba myeusi baada ya muda wa saa sita, huku akina mama na watoto wakitembea wakitafuta pweza na chaza, na harufu ya mikoko ikipanda. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alasiri na hupwa karibu saa 4 usiku, kisha kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo anayetaka maji yaliyojaa wakati jua linapozama, ambalo kwetu huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo kutegemea mwezi, achague siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu. Sisi hatukuijua hesabu hii mwanzoni. Tulikwenda mara mbili tukakuta tope, na mara ya tatu mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu akatueleza bila ya kuuliza tunataka nini. Tuliporudi siku aliyotutajia, maji yalikuwa yanagusa mizizi ya miti, na mdogo wangu akavua viatu akasimama kimya kwa muda mrefu.

Pamoja na uzuri huo, ufukwe wenyewe sikuuchagua. Jua likishazama, giza huingia upesi, barabara ya kurudi ina vipande visivyo na taa, na wanandoa watarajiwa watakuwa wawili peke yao gizani, yaani mahali hasa ambapo mama alikataza.

Nimeiacha Bustani ya Jamhuri hadi mwisho, na ndivyo tulivyofanya wenyewe, kwa kuwa iko katikati ya mji na kila mtu anaijua. Sisi watu wa Ngamiani tulichezea pale tukiwa watoto. Nani angefikiri kumpeleka mchumba mahali ambapo aliwahi kuanguka kutoka kwenye bembea? Bustani iko juu ya mwinuko, inatazama bandari na kisiwa cha Toten, na ina madawati, miti ya kivuli na upepo unaopanda kutoka baharini. Jioni haifai hata kidogo. Watoto wanakimbia, familia zimetandika mikeka, wauza kahawa wanapita wakigonganisha vikombe, vijana wamekaa kwenye kila ukuta. Adhuhuri kuna wafanyakazi wa maofisi wanaokula chakula chao. Tulikuwa tumekwisha kuifuta, hadi Jumamosi moja nilipopita hapo saa 12 na nusu asubuhi nikitoka kumsindikiza shangazi stendi.

Nilimwambia dereva wa bajaji asimame. Alikuwapo mzee mmoja anayefagia majani, vijana wawili wanaofanya mazoezi ya kukimbia, na mwanamke aliyekata njia akiwa na sinia la vitumbua kichwani. Hao tu. Jua lilikuwa limechomoza muda si mrefu, likitokea mkono wa kulia, na maji ya ghuba yalikuwa na rangi ya shaba kuanzia kisiwani hadi kwenye gati. Nilikaa kwenye benchi la mwisho, lile lililo karibu na ukingo. Nikahesabu hatua hadi kwenye benchi jirani: zilikuwa 22. Hadi barabarani zilikuwa karibu 60. Nikamwita dereva kwa sauti ya kawaida, hakugeuka. Nikamwita tena kwa nguvu kidogo, hakugeuka. Lakini aliponitazama niliweza kumwona akicheka. Nilikuwa nimekaa mbele ya macho ya mji mzima, na hakuna aliyeweza kusikia ninachosema.

Tulirudi Jumamosi tatu mfululizo kuhakikisha haikuwa bahati. Hali ilikuwa ileile, isipokuwa mara moja kikundi cha mazoezi kilikuja na filimbi yao saa 1 na nusu. Kwa hiyo muda mzuri ni ule wa tangu jua linapochomoza hadi saa 1 na robo. Benchi huwa na umande, basi mtu aje na kitambaa. Mbao moja ilikuwa na msumari uliochungulia, na mdogo wangu aliugongomea kwa nyundo yake mwenyewe Jumamosi ya pili, akitazama huku na huko kama mwizi. Wauza kahawa hawajafika saa hizo, kwa hiyo chai ibebwe kwenye chupa. Vyoo havitegemewi. Kamera isielekezwe bandarini bila ya ruhusa, na wanaofikiria kurusha droni wajue kwamba inahitaji kibali. Lakini kama nilivyosema, picha haikuwa haja yetu, na siku yenyewe hapakuwa na mpiga picha.

Hila ya kumfikisha hapo ilikuwa samaki. Binti anafundisha shule ya msingi na Jumamosi huwa na mapumziko. Mama yake alitaka changu wa kukaanga, na mdogo wangu akajitolea kumpeleka Deep Sea mapema kabla wachuuzi hawajawamaliza. Akasema tupite Jamhuri kidogo tunywe chai, kwa kuwa mashua zimechelewa. Mimi nilikuwa ndani ya bajaji iliyoegeshwa barabarani, na kwa hiyo ninaweza kusimulia niliyoyaona tu. Nilimwona akifuta benchi kwa kitambaa. Nilimwona akimimina chai, akimwaga nyingine nje ya kikombe. Walikaa wakitazama meli moja kwa muda ambao kwangu ulikuwa saa nzima, na saa yangu ilisema dakika tisa. Kisha akaweka kikombe chini, akapiga goti moja kwenye majani yenye umande. Mzee mwenye ufagio akaacha kufagia, akawatazama, halafu akawapa mgongo akaanza kufagia upande mwingine kabisa. Sitausahau ungwana ule.

Binti aliweka mkono mdomoni. Hakunyoosha kidole. Alimshika mdogo wangu begani, akamwinua, akamkalisha kando yake, wakazungumza kwa muda mrefu. Alikuwa akisema zaidi yeye, na mdogo wangu akitikisa kichwa kukubali. Mwisho binti alikitwaa kile kiboksi, akakifunga, akakitia ndani ya mkoba wake, wakanyanyuka, wakaja barabarani bila ya haraka. Waliponifikia, binti alinisalimia, "Shikamoo dada," nami nikaitikia, kisha akauliza kama samaki watakuwa bado wapo. Tulikwenda sote watatu. Changu walikuwapo, tena wakubwa, na yeye ndiye aliyepatana bei.

Alikuwa ameomba muda azungumze na mama yake, na pia kuna jambo la masomo yake ambalo alitaka liwe wazi kabla ya lolote. Mdogo wangu aliniambia usiku ule kwamba alipolisikia neno "nipe muda" alishangaa jinsi lilivyomwingia vizuri, kwa sababu binti alilisema huku akimtazama, wala hakuwa na mtu mwingine wa kumtazama.

Zilipita siku 12. Siku ya 13 jioni ukaja ujumbe mfupi kwamba wazee wanaweza kuleta barua. Mshenga wetu aliipeleka Jumapili iliyofuata, imefungwa katika leso nyeupe aliyoipinda mama mwenyewe, na inasemekana walipokuwa wakiifungua sebuleni binti aliingia chumbani, akakitoa kiboksi mkobani, akaivaa pete mwenyewe, ndipo akaja kuwaamkia wageni.